Chupa saba za API na tangi la furu: zinatosha kwa maji ya Mwanza?

Seti ya API Freshwater Master Test Kit, boksi la chupa za matone za kupimia maji ya tangi, ndiyo wafugaji wengi wa samaki wa maji baridi huanza nayo, na kwa Mwanza inastahili kununuliwa kwa sharti moja: isije peke yake. Uchafu unaotoka kwa samaki (amonia, pamoja na naitraiti na naitrati zinazotokana nayo) inaupima vizuri. Isichopima ni uwezo wa maji kuizuia pH (kipimo cha uasidi wa maji) isiyumbe, na uwezo huo ndio maji ya Ziwa Victoria yanao kwa uchache.

Tathmini hii inawalenga wanaotumia tangi la furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, kufundishia: mwalimu mwenye klabu ya mazingira, mwanafunzi wa uvuvi pale Nyegezi, mwongoza wageni, na kijana anayetafuta ajira ya kutunza viumbe wa maji baridi na kuelimisha watu kwenye akwaria. Kazi hiyo wengi huiona kwa nje tu, kulisha samaki na kuzungumza na watoto. Kwa ndani, asubuhi ya mhudumu ni kusoma kipimajoto, kuhesabu samaki, kugusa pampu kama bado inatetema, kupima maji na kujaza daftari. Anayefika kwenye usaili na daftari la miezi sita la tangi moja, lenye tarehe, joto, pH na amonia, ana cha kuonyesha kuliko mwenye cheti kitupu. Seti hii ndiyo hulijaza daftari hilo.

Ndani ya boksi kuna chupa saba za dawa, neli nne za kioo zenye vifuniko, kadi ya rangi na maelekezo. Chupa moja ni ya pH ya chini (6.0 hadi 7.6), moja ya pH ya juu (7.4 hadi 8.8), mbili za amonia, moja ya naitraiti na mbili za naitrati. Watengenezaji wanahesabu zaidi ya vipimo 800 kwa seti moja, hivyo bei ambayo mwanzoni inaumiza, ukiigawa kwa vipimo, inakuwa ndogo kuliko ya karatasi za kuchovya. Karatasi zenyewe kwa huku ni hasara: unyevu wa pwani ya ziwa huzila mara kopo likishazoeleka kufunguliwa, na zile za API za vipimo vitano hazina amonia kabisa. Tangi jipya bila kipimo cha amonia ni kubahatisha.

Upimaji wenyewe. Suuza neli mara tatu kwa maji unayotaka kupima, si ya bomba. Jaza hadi mstari mweupe, mililita 5, ukiinamisha jicho lilingane na mstari na kusoma sehemu ya chini ya ule mkunjo wa maji. Sirinji ya mililita 5 isiyo na sindano ni nzuri zaidi kuliko jicho. Chupa ya dawa ishikwe wima kabisa, mdomo chini; ukiilaza, tone linakuwa dogo au kubwa na hesabu yote inaharibika.

Anza na naitrati kwa kuwa ndiyo yenye kazi. Matone 10 ya chupa ya kwanza, funika, pindua neli mara kadhaa. Kisha chukua chupa ya pili na uitikise kwa nguvu sekunde 30 nzima kabla ya kudondosha chochote. Weka matone 10, funika, tikisa neli dakika moja, subiri dakika tano. Wakati unasubiri, fanya amonia: matone 8 ya chupa ya kwanza, matone 8 ya chupa ya pili, tikisa sekunde tano, dakika tano. Naitraiti ni matone 5, sekunde tano za kutikisa, dakika tano. pH haina kusubiri: matone 3 kwa ya chini, matone 5 kwa ya juu, pindua neli, soma. Mtu aliyezoea anamaliza yote ndani ya robo saa. Tumia saa ya simu, maana rangi huendelea kukolea, na neli iliyosahaulika dakika ishirini hudanganya.

Ile chupa ya pili ya naitrati ndiyo inayowaangusha wengi. Dawa yake hutuama chini na kugandana. Asiyeitikisa hupata njano safi wiki hadi wiki, anaandika sifuri, anajisifu kwamba tangi lake ni safi, kumbe kemikali imebaki kwenye kitako cha chupa. Tangi lenye samaki wanaokula kila siku, lisilo na mimea mingi, ambalo halijabadilishwa maji mwezi mzima haliwezi kuwa na naitrati sifuri. Ukipata jibu hilo, shuku mkono wako kwanza. Chupa iliyokaa rafuni miezi ipigepige ubavu wake kwenye meza kabla ya kuitikisa.

Kasoro ya pili ni kadi ya rangi. Kwenye naitrati, 40 na 80 ni nyekundu mbili ambazo watu wawili hawawezi kukubaliana. Dawa yake ni kuzimua: mililita 1 ya maji ya tangi na mililita 4 za maji yaliyokenekwa (yale yanayouzwa ya kuongezea betri, si asidi yake, soma kopo), pima, kisha zidisha jibu mara tano. Kwenye amonia, njano ya sifuri na kijani hafifu ya 0.25 huchanganyikana chini ya taa za LED. Simama karibu na dirisha, mgongo kwenye jua, kadi nyeupe nyuma ya neli. Darasani, mpe kila mwanafunzi aandike namba yake kimya kabla ya kusikia ya mwenzake. Tofauti zao ni somo zima la makosa ya vipimo, na hakuna kifaa cha maabara cha bei hii kinacholifundisha vizuri zaidi.

Sasa amonia, ambayo kwa Mwanza inahitaji kusomwa kwa akili. Seti inatoa jumla: amonia yenye sumu na ile ya ioni isiyo na madhara makubwa, zote pamoja. Mgawanyo wake unaamuliwa na pH na joto. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, joto la kawaida la maji yetu, sehemu yenye sumu ni kama asilimia 0.6 pH ikiwa 7.0, asilimia 1.7 ikiwa 7.5, asilimia 5 ikiwa 8.0, asilimia 15 ikiwa 8.5 na asilimia 36 ikifika 9.0. Kadi huandika ppm, ambayo kwa maji haya ni sawa na miligramu kwa lita. Chukua jibu la 0.25: kwenye pH 7.0 sumu halisi ni 0.0014, samaki hana habari. Kwenye pH 8.5 kijani ileile hafifu ni karibu 0.038, na kuanzia 0.02 hivi matamvua huanza kuumia. Kwa hiyo amonia na pH zipimwe pamoja, kwenye maji yaleyale, saa ileile, na ziandikwe mstari mmoja kwenye daftari. Ushauri wa wafugaji wa nchi zenye maji ya pH 7 kwamba 0.25 si kitu, hapa usiufuate.

Na pH yenyewe huhama. Maji yaliyochotwa ufukweni saa tisa alasiri, mwani ukiwa umeshinda juani ukifyonza kaboni dayoksaidi, yanaweza kuwa zaidi ya 8.8, na hapo kadi ya seti inaishia. Zambarau ya mwisho maana yake ni "8.8 au zaidi", usiiandike kama 8.8. Maji hayohayo yakilala ndani na hewa ikipigwa, kesho yake hushuka. Kwenye mpaka wa 7.4 hadi 7.6 pima kwa chupa zote mbili: kama ya chini imefika buluu ya mwisho, amini ya juu.

Tuingie kwenye kile ambacho seti haina. Ugumu wa kaboneti, KH, ndio unaoishikilia pH. Maji ya Ziwa Victoria ni laini: jumla ya ubesi wake (uwezo wa kuizima asidi) ni takribani miligramu 50 kwa lita ikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti, karibu nyuzi 2 hadi 3 za KH. Kipimo cha KH huuzwa kando pamoja na cha GH (ugumu wa jumla), nacho ni rahisi kuliko vyote: mililita 5 za maji, dondosha tone moja moja ukitikisa, hesabu hadi rangi igeuke kutoka buluu kuwa njano, kila tone nyuzi moja. Kwa maji ya ziwa, tone la tatu mara nyingi limeshageuza. Ukitaka usahihi, tumia mililita 10 za maji na ugawe jibu kwa mbili.

Kwa nini hilo ni muhimu kuliko naitrati? Bakteria wa kwenye chujio wanapoigeuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitrati, wanakula ubesi: miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia huondoa karibu miligramu 7 za ubesi. Tangi lenye akiba ya 50 tu, likiwa na samaki wengi na mwenye kulisha kwa mkono mzito, humaliza akiba hiyo ndani ya wiki chache. KH ikifika sifuri, pH huporomoka chini ya 6.5, bakteria wanalegea, amonia inapanda. Ajabu ni kwamba samaki bado wanaogelea, kwa sababu kwenye pH hiyo karibu amonia yote iko katika hali isiyo na sumu. Mwenye tangi anapima, anaona kijani kibichi cha 4.0, anashtuka, anatoa nusu ya maji na kujaza mapya ya pH 8.2. Amonia imeshuka hadi 2.0, ndiyo, lakini pH imepanda hadi tuseme 7.8, na sumu halisi imetoka 0.006 kwenda karibu 0.07. Mara kumi na zaidi, ndani ya dakika chache. Jioni samaki wako juu wanahema, asubuhi wamekufa, na lawama zinaangukia maji ya bomba.

Dawa ni subira. Acha kulisha siku mbili. Badilisha asilimia 10 kwa siku, ukipima pH na amonia kabla na baada, hadi KH irudi 2 na amonia iwe chini ya 0.25. Baada ya hapo badilisha asilimia 25 kila wiki bila kukosa. Mfuko wa matundu wenye makombe au matumbawe yaliyosagwa, gramu 100 hivi kwa lita 100, ukining'inizwa kwenye mkondo wa chujio, hujaza ubesi taratibu bila kuirusha pH. Baking soda (sodiamu baikaboneti) hufanya kazi haraka: gramu 3 kwa lita 100 huongeza karibu nyuzi moja ya KH. Lakini iyeyushe kwanza kwenye kikombe, uiweke kwa awamu, na kama kuna amonia usiiguse hadi amonia iishe.

Klorini nayo seti haiioni. Maji ya bomba ya Mwanza hutoka ziwani na kusafishwa, na klorini iliyobaki huua samaki na bakteria wa chujio pamoja. Yaache kwenye ndoo wazi saa 24 huku jiwe la hewa likichemka, au tumia sodiamu thayosalfeti, miligramu 7 kwa kila lita yenye klorini ya miligramu 1. Kwa ndoo ya lita 20 hiyo ni gramu 0.14, kiasi ambacho mizani ya jikoni haikioni. Yeyusha gramu 7 kwenye lita 1 ya maji, kisha tumia mililita 20 za mchanganyiko huo kwa ndoo.

Oksijeni pia haimo, ingawa kwa hapa ni ya kuangaliwa kila siku. Mwanza iko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 25 ambayo pwani ya Dar es Salaam yangebeba miligramu 8.3 kwa lita yakishiba hewa, hapa hubeba takribani 7.2. Umeme ukikatika usiku, akiba ni ndogo, na bakteria wa ndani ya sponji huanza kufa kwa kukosa hewa kabla ya samaki. Pampu ndogo ya betri ni bora kuliko kipimo cha oksijeni cha matone, na kama fedha ni ya kimoja tu, nunua pampu.

Naitraiti haina mengi. Inatakiwa iwe sifuri kwenye tangi lililokomaa. Katika wiki nne hadi sita za kwanza itapanda na kushuka yenyewe. Ikizidi 0.5 na samaki wamo, badilisha robo ya maji na uweke gramu 1 ya chumvi isiyo na iodini kwa kila lita 10, maana kloridi huizuia naitraiti isipenye kwenye matamvua.

Je, seti inafaa kupeleka wanafunzi ufukweni? Kwa sehemu. Wapeleke mdomo wa Mto Mirongo unakoingia ziwani, kisha sehemu ya mawe yenye maji yanayopishana, wapime pH na amonia, wataona tofauti. Naitrati itawakatisha tamaa: maji ya wazi ziwani huwa chini ya kile ambacho rangi ya kwanza ya kadi inaweza kuonyesha, na wataandika sifuri huku mwani umetapakaa. Fosfeti, ambayo ni sehemu kubwa ya kisa cha mwani na gugu maji, haimo ndani ya boksi. Pia maji ya kijani hupaka rangi jibu. Jaza neli ya pili kwa maji yaleyale bila dawa na uiweke mbele ya rangi za kadi ili macho yalinganishe kijani cha mwani na kijani cha amonia. Kwa ziwani tungeanza na sahani ya Secchi, duara la sentimita 20 lenye robo nyeusi na nyeupe kwenye kamba yenye alama za sentimita 10. Unaitengeneza kwa kifuniko cha ndoo, rangi na jiwe la uzito.

Sahani hiyo inamweleza mtoto kisa cha furu kuliko kemia yoyote. Ziwa lilikuwa na mamia ya spishi za furu, idadi inayotajwa mara nyingi ni kama 500. Sangara aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960 aliongezeka kwa kasi miaka ya 1980, na furu wengi wakatoweka kwenye nyavu za watafiti wa HEST (timu ya utafiti wa ikolojia ya furu) waliokuwa wakifuatilia Ghuba ya Mwanza. Lakini si sangara peke yake. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka, jike hawezi kuitambua rangi ya dume wa spishi yake, na spishi huchanganyika. Mfano mzuri wa kuweka kwenye kioo ni Pundamilia nyererei, furu aliyeelezwa kisayansi mwaka 1985 na kupewa jina la Mwalimu Nyerere: dume mwekundu mgongoni na njano ubavuni, jike wa rangi ya udongo.

Kwa sababu hiyohiyo, usichanganye furu wa spishi mbili kwenye tangi moja la kufundishia. Majike hufanana, huzaana, na watoto wao nao huzaa. Baada ya vizazi viwili huna spishi ya kumwonyesha mtu. Kuvua furu wa tangi kunahitaji kibali, uliza ofisi ya uvuvi ya wilaya kabla ya kutupa ndoana. Na samaki aliyekaa tangini harudishwi ziwani, hata kama wageni watamwonea huruma. Jike anayelea mayai mdomoni hali chakula kwa wiki mbili hadi tatu, basi punguza lishe ya tangi lote. Unga wa dagaa uliobaki chini ndio mwanzo wa ile kijani kibichi.

Usalama, kwa ufupi ila kwa msisitizo. Chupa ya kwanza ya naitrati ina asidi, ya pili ya amonia ina kostiki. Mtoto asizibe neli kwa kidole gumba, kwa hiyo vifuniko vikipotea, simamisha zoezi. Miwani ya kukinga macho, glavu, na chupa ya plastiki yenye lebo ya kukusanyia maji yaliyopimwa, ambayo hayamwagwi tangini wala ufukweni. Kila neli iwe na kipimo chake, iandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika, maana mabaki ya naitrati kwenye neli ya amonia huharibu jibu.

Ukinunua, iwe kwa duka la mtandaoni au kwa mtu anayetoka safari, angalia namba ya toleo ubavuni mwa kila chupa kabla ya kulipa: tarakimu nne za mwisho ni mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Zaidi ya miaka mitatu, omba punguzo au achana nayo. Chupa iliyoshinda kwenye dashibodi ya gari juani usiiamini hata ikiwa mpya. Pamoja nayo agiza kipimo cha KH, kipimajoto, sirinji mbili na neli mbili za akiba, kwa sababu za kioo zitavunjika, na chupa za naitrati ndizo zitakazoisha kwanza ukiwa na darasa la watu thelathini.